Kisu Kidogo cha Shingoni: Faida Yake na Hatari Zake



Kisu kidogo ni rafiki wa mtu wa shamba. Mvunaji wa mpunga hukatia masuke. Mchungaji hukatia kamba na kuchongea fimbo. Mvuvi hukatia nyavu. Mama humenyea mihogo. Kwa hiyo watu wengi hupenda kisu kiwe karibu nao saa zote za kazi.

Baadhi yetu hufunga kisu kwenye kamba na kukivaa shingoni. Wanasema kisu cha shingoni hakipotei. Tena mkono hukifikia upesi. Je, jambo hili ni salama? Leo tutalichunguza pamoja.

Kuna watu husema, "Ajali haina kinga." Msemo huu hutumika kumfariji mtu aliyepatwa na msiba. Lakini si sababu ya kukaa bila kujikinga. Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walijifunza mengi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kwamba magonjwa mengi huzuiwa kwa kuchimba choo, kuchemsha maji na kufyeka vichaka. Ajali nazo ni hivyo hivyo. Nyingi zina chanzo, na chanzo kikijulikana huweza kuondolewa.

KWA NINI WATU HUVAA KISU SHINGONI

Tusiwacheke wanaofanya hivyo. Wanazo sababu zao.

Mvunaji wa mpunga hukata suke moja moja. Mkono mmoja hushika masuke, mwingine hushika kisu. Akitaka kufunga mzigo, lazima aweke kisu mahali. Akikiweka chini, hupotea katika majani, na mwenzake huweza kukikanyaga.

Mvuvi akinaswa mguu na kamba ya wavu, huweza kuvutwa majini. Hapo anahitaji kisu mara moja, na pengine mkono mmoja tu ndio ulio huru.

Mchungaji huvaa shuka au kaptura isiyo na mkanda. Mfuko wake umetoboka. Hana mahali pengine pa kuweka kisu ila shingoni.

Kwa hiyo haja ipo. Lakini shingo si mahali pazuri pa kutundika kitu. Hatari zake ni nne: kamba, ncha, uchafu na hasira.

HATARI YA KWANZA: KAMBA

Wengi huogopa kisu na kusahau kamba. Kumbe kamba peke yake huweza kuua, hata kama kisu ni butu.

Shingoni kuna bomba la hewa. Hilo hupeleka pumzi mapafuni. Pembeni mwake kuna mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani na kuirudisha. Mishipa hii haikulindwa na mfupa kama ubongo ulivyolindwa na fuvu. Kamba ikikaza kwa uzito wa kilo chache tu, damu huanza kuzuiwa. Mtu huzimia upesi, na akizimia hawezi tena kujiokoa. Baada ya dakika chache hufa.

Kamba hukaza namna gani? Tuchukue mfano wa kijana anayechunga. Amepanda mwembe kutafuta maembe. Tawi linavunjika, naye anaanguka. Kamba ya kisu inanasa kwenye kisiki cha tawi. Miguu yake haifiki chini. Kamba ni ya nailoni, haikatiki. Wenzake wako mbali na ng'ombe. Mfano huu unatosha kutuonyesha hatari yenyewe.

Kamba huweza pia kunaswa na pembe ya ng'ombe, mkanda wa mashine ya kusaga, mnyororo wa baiskeli, gurudumu la pikipiki au wavu unaozama. Mwaka 1927, katika mji wa Nice nchini Ufaransa, alikufa mcheza dansi mashuhuri aliyeitwa Isadora Duncan. Alikuwa ndani ya gari lililo wazi. Kitambaa chake kirefu cha shingoni kilinaswa na gurudumu la gari hilo. Ikiwa kitambaa laini kiliweza kuua, kamba ya katani au ya nailoni itafanya nini?

HATARI YA PILI: NCHA

Kisu cha shingoni hukaa juu ya kifua au juu ya tumbo. Chini yake kuna moyo, mapafu, ini na utumbo. Ukuta wa kifua si mnene kama watu wanavyodhani. Kisu chenye bapa la sentimita 5 tu huweza kufika kwenye pafu au kwenye moyo. Kwa hiyo usiseme, "Changu ni kidogo, hakina neno."

Ukisimama wima, kisu hutulia. Lakini mtu wa shamba hasimami wima siku nzima. Huinama kupalilia. Akiinama, kisu huning'inia na kuyumba mbele ya uso. Akiinuka ghafla, huweza kumpiga jichoni. Akijikwaa na kuanguka kifudifudi, kisu hubanwa kati ya ardhi na mwili wake. Kama ala ni ya kitambaa au ya karatasi ngumu, ncha hutoboa ala na kuingia mwilini.

Akina mama wana hatari nyingine. Mama akimpakata mtoto anyonye, uso wa mtoto huwa palepale kisu kilipo. Akimbeba mgongoni, mtoto hushika kamba na kuivuta. Mama anayelea asivae kisu shingoni kamwe.

HATARI YA TATU: UCHAFU

Kisu cha kazi hushika udongo, samadi, utomvu na damu ya wanyama. Kisha hurudishwa ndani ya ala yenye jasho na unyevu. Huko uchafu hukaa.

Katika udongo na samadi kuna vijidudu vya pepopunda. Vijidudu hivi ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Hupenda jeraha refu na jembamba lisiloingia hewa. Jeraha la ncha ya kisu ndilo jeraha la namna hiyo. Nje huonekana dogo, lakini ndani limekwenda mbali.

Wengine husema kutu ndiyo huleta pepopunda. Si kutu. Ni vijidudu vilivyo katika uchafu. Kisu king'aavu kilichogusa samadi huweza kuleta pepopunda vilevile.

Dalili za pepopunda huanza mara nyingi kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Taya hukaza, na mgonjwa hushindwa kufungua kinywa. Shingo na mgongo hukakamaa. Kisha misuli ya mwili mzima hukaza kwa maumivu makali, hasa mgonjwa akishtuliwa na kelele au mwanga. Huu si uchawi wala si mashetani. Ni ugonjwa wa hospitali, tena wa haraka.

Kinga yake ipo, nayo ni chanjo. Mtoto huanza kuchanjwa akiwa na umri wa wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Mama mjamzito naye huchanjwa ili ajikinge yeye na mtoto atakayemzaa. Nguvu ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo mtu mzima akichomwa na kisu kichafu, aende zahanati siku ileile aulize kama anahitaji sindano nyingine. Asisubiri taya likaze.

Jambo jingine: kisu cha kazi kisikate mwili wa mtu. Usikitumie kukata kitovu cha mtoto, kuchanjia dawa wala kutahiria. Kisu kimoja kikikata watu wawili huweza kupeleka virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

HATARI YA NNE: HASIRA

Kisu kilichofaa shambani hakifai kilabuni. Watu wawili wakigombana mikono mitupu, mara nyingi huvimba macho na kesho hupatanishwa na wazee. Wakigombana mmoja akiwa na kisu kifuani, mkono hukifikia kabla akili haijafika. Na adui naye huweza kukunyang'anya kisu hicho, au akaikaza kamba yake shingoni mwako.

Kazi ikiisha, vua kisu. Usiende nacho kwenye pombe, ngomani, mnadani, mpirani wala mkutanoni.

MAHALI PAZURI PA KISU

Tuangalie wazee wetu walivyofanya. Mmasai huvaa sime kiunoni, ndani ya ala ya ngozi. Watu wa Oman huvaa jambia kiunoni, ndani ya ala ngumu. Mkanda wa kiunoni haukabi koo. Nao hubeba uzito bila kisu kuyumba.

Basi vaa kisu chako kiunoni, upande, juu ya mfupa wa nyonga. Usikiweke mbele juu ya kinena, kwa sababu hapo pana mishipa mikubwa ya damu. Usikiweke katikati ya mgongo, kwa sababu ukianguka chali kitaumiza uti wa mgongo. Kama huna mkanda, kata mpira wa baiskeli uliochakaa au shona utepe wa kanga kuukuu. Gharama yake ni ndogo.

Wavunaji wanaweza pia kuvaa kibegi kidogo cha ngozi kiunoni cha kutumbukiza kisu. Kisu kitakuwa karibu kama kilivyokuwa shingoni.

ALA NZURI

Popote utakapovaa kisu, ala ni lazima. Kisu bila ala ni jeraha linalosubiri siku yake.

Ala nzuri ni ya ngozi nene au ya mbao mbili zilizochongwa na kuunganishwa. Ukishona ya ngozi, weka kipande kingine cha ngozi katikati, upande wa makali. Bila kipande hicho, makali yatakata nyuzi siku moja na ala itafunguka. Chini, mahali pa ncha, ongeza ngozi nyingine au kipande cha mti mgumu.

Kisha ipime. Ingiza kisu, geuza ala juu chini, uitikise mara 10. Kisu kikianguka, ala hiyo haifai. Ikibana zaidi, au ongeza kishikizo cha kufunga mpini.

Kila jioni osha kisu kwa maji na sabuni, kikaushe, na uanike ala kivulini. Usirudishe kisu chenye maji ndani ya ala.

KAMA LAZIMA KIWE SHINGONI

Huenda kazi yako inakulazimu kuvaa kisu shingoni kwa muda. Basi shika masharti haya.

1. Kamba iwe dhaifu. Hili ndilo sharti kubwa kuliko yote. Usitumie nailoni, katani, waya wala ngozi isiyo na kiungo dhaifu. Kata kamba yako mahali pamoja, kisha unganisha ncha zake kwa nyuzi chache za kushonea nguo. Hapo ndipo itakapokatika.

2. Pima kamba hiyo. Itundike mtini bila kisu. Fungia ndoo ndogo yenye maji lita 3. Kamba isipokatika, ina nguvu mno. Punguza nyuzi, upime tena. Kisu ni chepesi, nyuzi chache zitakibeba. Uzito wako hazitaubeba, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ni afadhali kupoteza kisu kuliko kupoteza roho.

3. Kisu kiwe kifupi na chepesi, ndani ya ala ngumu inayobana.

4. Ukiwa na shati, kisu kikae nje ya shati ili ukivue upesi. Lakini kisiachwe kuyumba. Kifunge kifuani kwa utepe mwepesi.

5. Vua kabla ya kupanda mti, baiskeli au pikipiki. Vua kabla ya kukaribia mashine, kukamata ng'ombe, kucheza, kushika mtoto au kulala.

Mvuvi naye afunge kisu chake kiunoni au ndani ya mtumbwi, mahali mkono unapofika. Kamba ya shingoni majini ni wavu mwingine wa kumnasa.

WATOTO

Mhenga alisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Maana yake ni kwamba mkaidi hufundishwa na yatakayompata. Hatusemi mzazi amwachie mtoto aumie.

Mtoto asivae kamba yoyote shingoni akienda kuchunga au kucheza. Shingo yake ni nyembamba, na kamba inayokatika kwa mtu mzima huenda isikatike kwa mtoto mwepesi. Mtoto anayehitaji kisu kwa kazi apewe na mkubwa, akitumie akiwa ameketi, kisha akirudishe. Afundishwe kukata kwa kuelekeza makali mbali na mwili wake, na kumpa mwenzake kisu kwa upande wa mpini.

MTU AKIUMIA UFANYE NINI

Kamba ikimkaba mtu: Mwinue kwanza ili uzito wake usivute kamba. Pitisha kidole kati ya kamba na ngozi, kisha kata kamba kwa kuelekeza makali nje. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja. Hata akizinduka na kusema, "Mimi mzima," mpelekeni kwa mganga. Koo huweza kuvimba baadaye.

Damu ikitoka nyingi: Chukua kitambaa safi, weka juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu. Usiachie kila mara kuchungulia. Kandamiza dakika 10 au zaidi. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uendelee kukandamiza. Ukiwa na mfuko safi wa plastiki, uvae mkononi ili damu isikuguse.

Kisu kikibaki mwilini: Usikichomoe. Huenda ndicho kinachozuia damu. Weka vitambaa pande zake zote mbili ili kisitikisike, mpeleke hospitali hivyo hivyo.

Jeraha la shingoni: Kandamiza mahali palipokatwa tu. Usifunge kitambaa kuzunguka shingo.

Jeraha la kifuani: Mwache akae namna anavyopumua vizuri. Usilizibe tundu kwa plastiki wala kwa nguo iliyolowa damu, kwa sababu hewa huweza kujaa ndani na kubana pafu. Damu ikitoka nyingi, kandamiza kwa kitambaa kikavu, na ukibadilishe kikilowa.

Jeraha la tumboni: Utumbo ukitokeza, usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi. Usimpe chakula wala maji ya kunywa.

Mkato mdogo: Osha kwa maji safi mengi na sabuni. Funika kwa kitambaa safi. Nenda zahanati kama jeraha lina kina, lina uchafu, limeachana, au kidole hakikunjiki au kina ganzi.

Usitie jerahani samadi, majivu, udongo, mafuta ya taa wala unga wa betri. Vitu hivyo huingiza vijidudu na kuunguza nyama.

NENO KUHUSU NYOKA

Baadhi ya wachungaji hubeba kisu ili wakiumwa na nyoka wachanje mahali palipoumwa. Ndugu, usifanye hivyo. Kuchanja hakutoi sumu. Kunakuongezea jeraha, na sumu ya nyoka wengine huzuia damu kuganda, hivyo utavuja damu nyingi. Usifyonze, wala usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na bangili, tuliza kiungo kilichoumwa kisitikisike, na mgonjwa abebwe mara moja hadi kwenye kituo cha afya au hospitali.

YA KUKUMBUKA

Kisu ni chombo cha kazi. Kiweke kiunoni, ndani ya ala ngumu, kikiwa safi. Kama ni lazima kiwe shingoni, kamba iwe ile inayokatika. Leo jioni itazame kamba yako. Ivute. Isipokatika, ibadilishe kabla ya kwenda shambani kesho.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kamba ya kisu huweza kuwa hatari kuliko kisu chenyewe?
2. Pimeni kamba tatu mlizo nazo kwa ndoo ya maji lita 3. Ni ipi iliyokatika?
3. Kwa nini hatuchomoi kisu kilichobaki mwilini?
4. Ni nani katika kijiji chenu anaweza kushona ala nzuri? Mnaweza kumwomba awafundishe wengine?
5. Watoto wenu wanaochunga hubeba nini shingoni?